Wanamgambo walowezi wa Waikato, Nyuzilandi: kwa nini wenye ekari 50 waliondoka, na wangepewa kazi gani?

Msomaji wa Mtwara ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaandaa somo kuhusu makoloni ya walowezi ya karne ya 19, na kuna sehemu moja ya historia ya Nyuzilandi ambayo kila nikiisoma naona maelezo yake hayajitoshelezi. Mwaka 1863, vita vilipoanza kati ya serikali ya kikoloni na Wamaori wa Waikato, serikali iliandikisha wanamgambo kutoka Australia na kutoka machimbo ya dhahabu ya Otago kwa ahadi ya ardhi. Vita vilipokwisha katika bonde hilo, wanamgambo hao waliwekwa mwaka 1864 katika miji mipya ya Hamilton, Cambridge, Alexandra (leo Pirongia) na Kihikihi, na wengine wakapelekwa Tauranga kwenye pwani ya mashariki. Kila askari wa kawaida alistahili shamba la ekari 50 na kiwanja cha ekari moja mjini.

Mtu aliyetoka kwao Ayalandi au Uskoti bila kitu, akiahidiwa ekari 50 zake mwenyewe, tungetegemea ang'ang'anie ardhi hiyo kwa meno. Lakini haikuwa hivyo. Miaka michache tu baadaye wengi wao walikuwa wameuza au wameacha, na miji ile ikabaki na nyumba tupu.

Maswali yangu ni haya. Je, kasoro ilikuwa kwa watu wenyewe, ambao wengi wao walikuwa wachimba dhahabu na vibarua wa mijini wasiojua kilimo, kama maofisa wengi wa wakati ule walivyopenda kueleza? Au kasoro ilikuwa katika mpango wenyewe? Na baada ya kuachishwa utumishi, ni kazi gani hasa zilizokuwepo katika jimbo la Auckland ambazo zingeweza kumshikilia mtu na familia yake mpaka shamba lianze kutoa mazao? Naomba wenye ujuzi wanisaidie, na kama kuna mambo ya usalama ambayo sijayatilia maanani, nitashukuru kuelezwa pia.

---

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Ndugu Msomaji, umeuliza swali ambalo jibu lake limo ndani ya mkataba wenyewe, kwa hiyo nianzie hapo.

Masharti ya uandikishaji yalitangazwa Agosti 1863, wiki chache tu baada ya majeshi ya Jenerali Duncan Cameron kuvuka kijito cha Mangatāwhiri, mpaka wa Waikato, tarehe 12 Julai. Ardhi iligawanywa kwa cheo: askari wa kawaida ekari 50, koplo 60, sajini 80, maofisa wa chini 200, daktari 250, kapteni 300, na maofisa wa ngazi ya juu 400. Kwa malipo hayo mtu alitakiwa kutumikia miaka mitatu. Wakati wa vita alipata mshahara na posho. Akishakabidhiwa ardhi, mshahara ulikoma, ila posho ya chakula iliendelea kwa mwaka mmoja. Hati ya kumiliki ardhi haikutolewa mpaka miaka mitatu itimie, na kabla ya hapo hakuruhusiwa kwenda kuishi kwingine bila idhini ya wakubwa wake, kwa sababu wakati wowote angeweza kuitwa kushika bunduki.

Sasa fuatana nami katika hesabu ya muda. Mtu aliyeandikishwa Melbourne mwishoni mwa 1863 alitarajiwa kuwa huru mwishoni mwa 1866. Akawekwa Hamilton au Cambridge katika nusu ya pili ya 1864. Akikabidhiwa ardhi, mshahara umekwisha, na mwaka mmoja baadaye posho nayo imekwisha. Kati ya siku posho inapokatika na siku hati inapotoka, mtu huyu hana mshahara, hana chakula cha serikali, hana ruhusa ya kwenda kutafuta kibarua mbali, na hana hati ambayo angeweza kuiweka rehani ili akopeshwe fedha za ng'ombe na mbegu. Pengo hilo ndilo lililowamaliza. Serikali iliwahesabu kuwa wanajeshi ilipohitaji walinzi wa mpaka, na ikawahesabu kuwa wakulima ilipofika siku ya kulipa.

Kuhusu lawama ya kwamba hawakuwa wakulima, sikatai kwamba wengi walikuwa wachimbaji na vibarua, lakini serikali ilikwenda kuwatafuta huko huko machimboni ikijua inaandikisha watu wa namna gani. Waziri mkuu wa wakati huo, Alfred Domett, alikuwa na ndoto ya walowezi wenye silaha wapatao 20,000 katika Kisiwa cha Kaskazini, na hesabu kubwa kama hiyo haipatikani kwa kuchagua wakulima peke yao. Mpango ulijengwa juu ya mkopo wa pauni milioni 3 ulioidhinishwa na bunge mwaka huo huo wa 1863, na juu ya tumaini kwamba mauzo ya ardhi iliyonyang'anywa Wamaori yangelipa deni lote. Wakopeshaji wa London hawakuuchangamkia mkopo huo kama ilivyotarajiwa, na ardhi nayo haikununuliwa. Kufikia mwisho wa 1864 koloni lilikuwa taabani kifedha, na serikali ya Frederick Weld iliyoingia madarakani Novemba mwaka huo ilikuja na sera ya koloni kujitegemea, yaani majeshi ya Uingereza yaondoke na matumizi yapunguzwe. Wanamgambo wa Waikato walikuwa miongoni mwa matumizi hayo.

---

Mkaazi wa Kirikiriroa amejibu:

Nashukuru kwa maelezo ya Mwalimu. Mimi naishi Hamilton, ambako Wamaori wanakuita Kirikiriroa, na ningependa kueleza jambo ambalo mtu haoni vizuri mpaka asimame kwenye ukingo wa mto huu.

Walowezi wa kwanza walishushwa hapa tarehe 24 Agosti 1864 kutoka meli ya mvuke iliyoitwa Rangiriri, wakiongozwa na Kapteni William Steele. Mabaki ya chuma ya meli hiyo bado yapo kando ya mto, upande wa mashariki. Walikuwa wa kikosi cha nne cha Waikato, chini ya Kanali Moule, na mji ukapewa jina la Kapteni John Fane Charles Hamilton wa jeshi la majini, ambaye hakuwahi kuishi hapa. Aliuawa tarehe 29 Aprili mwaka huo kwenye mapigano ya Gate Pā huko Tauranga.

Mtazame mlowezi mmoja wa kikosi hicho. Kiwanja chake cha mjini kiko karibu na ngome ya udongo, kwa sababu za ulinzi, na ndipo anapotakiwa kulala. Shamba lake la ekari 50, alilolipata kwa bahati nasibu, liko maili kadhaa nje ya mji. Hana farasi, kwa hiyo huenda kwa miguu asubuhi na kurudi jioni. Akifika anakuta kangaga mrefu kumzidi kimo. Ardhi ya namna hiyo hailimwi kwa jembe na shoka peke yake. Unachoma kangaga, unamwaga mbegu za majani ya malisho juu ya majivu, kisha unaingiza ng'ombe wakanyage machipukizi yanayoota upya, la sivyo msimu unaofuata kangaga amerudi pale pale. Mbegu zinanunuliwa, ng'ombe wananunuliwa, na ua wa kuwazuia ng'ombe nao unanunuliwa au unajengwa kwa mbao ambazo hazikupatikana karibu katika sehemu nyingi za bonde hili. Wenye bahati mbaya zaidi walipata vinamasi. Ukitazama ramani utaona Rukuhia, Moanatuatua na Komakorau, sehemu ambazo zilihitaji mifereji mikubwa na miongo ya kazi kabla ya kuweza kufugia, na mtu mmoja mwenye sepetu hakuwa na uwezo huo.

Hata aliyefaulu kupanda viazi au shayiri alikabiliwa na swali la soko. Auckland ilikuwa mbali. Barabara kuu ya kusini ilifika mtoni, lakini kutoka hapo bidhaa zilisafirishwa kwa mashua na meli za mvuke, zikapakiwa tena kwenye mikokoteni, na nauli ikala faida yote. Reli ilifika Mercer mwaka 1875, Ngāruawāhia Agosti 1877, na ikafika Hamilton Desemba 1877. Hata daraja la kuunganisha pande mbili za mji wetu lilifunguliwa mwaka 1879, na miaka yote ya kabla ya hapo watu walivuka kwa pantoni na mitumbwi. Meli ya kwanza ya nyama iliyogandishwa iliondoka Nyuzilandi kwenda Uingereza mwaka 1882. Utajiri wa maziwa na siagi ambao leo unaihusisha Waikato na neema ulikuja baada ya hayo yote. Wanamgambo wa 1864 waliwekwa hapa zaidi ya miaka kumi kabla ya reli iliyowafaa.

Kwa hiyo, ndugu Msomaji, mimi siwezi kumlaumu mtu aliyeuza ekari 50 kwa pauni chache akaondoka na mke na watoto. Alikuwa ameshakula akiba yake yote.

---

Msomaji wa Mtwara:

Nawashukuru nyote wawili. Hilo la pengo kati ya posho na hati sikuwa nimeliona, na picha ya mtu anayelala ngomeni huku shamba lake likiwa maili kadhaa mbali inaeleza mengi.

Lakini naomba turudi kwenye sehemu ya pili ya swali langu. Jimbo la Auckland lilikuwa na baraza lake na msimamizi wake mkuu aliyechaguliwa, na serikali kuu ilikuwa na wizara ya ulinzi iliyowajua watu hawa kwa majina. Je, hakuna aliyefikiria kuwapa kazi za umma, kama vile barabara, madaraja na mifereji? Na kama walifikiria, kwa nini haikutosha?

---

Mpima Ardhi amejibu:

Ndugu Msomaji, kazi za barabara zilikuwepo, na kwa kweli ndizo zilizowalisha wengi. Wanamgambo walikata njia za kuunganisha miji yao, wakajenga madaraja madogo na kuchimba mitaro. Tatizo la kazi hizo ni kwamba zilikuwa za vipindi. Fungu la fedha likipitishwa, watu wanaajiriwa. Likiisha, wanarudi kwenye vibanda vyao kusubiri. Familia haiwezi kupanga maisha yake kwa kutegemea fungu ambalo huenda likapitishwa au lisipitishwe.

Hapo kuna mambo mawili ambayo lazima yatajwe. La kwanza ni hali ya Auckland yenyewe. Wakati wa vita mji ule ulinona kwa fedha za jeshi, kwani zaidi ya askari 10,000 wa Uingereza walihitaji unga, nyama, shayiri ya farasi, mikokoteni na vibarua. Vita vilipohama Waikato na vikosi vikaanza kuondoka kuanzia 1865, fedha hizo zikakauka. Mwaka huo huo makao makuu ya koloni yakahamishiwa Wellington, na watumishi wa serikali wakaondoka na mishahara yao. Maduka yakafungwa, ujenzi ukasimama. Mwanamgambo aliyepata ruhusa ya kwenda Auckland kutafuta kazi alikuta mafundi na vibarua wa mji wenyewe wamesimama foleni. Juu ya hao kulikuwa na wahamiaji waliokuwa wameletwa na serikali kuanzia 1864 kutoka Uskoti, Ayalandi na hata Cape Town, kwa mpango ule ule wa kuijaza ardhi ya Waikato, nao pia walikuwa wameahidiwa ardhi na walihitaji ujira.

La pili ni mvutano wa nani abebe mzigo. Makazi ya wanamgambo yalianzishwa na serikali kuu, lakini yalikuwa ndani ya mipaka ya jimbo. Serikali kuu ilipoishiwa ilitazama jimbo, na jimbo likajibu kwamba halikuwaandikisha watu hao wala halikukopa kwa ajili yao. Wabunge wa Auckland walifika mahali pa kudai kutenganishwa na sehemu nyingine za koloni mwaka 1865. Katika mazingira hayo, ombi la mlowezi wa Cambridge la kutengenezewa barabara ya kufika shambani kwake lilizunguka kutoka ofisi moja hadi nyingine. Mimi nimefanya kazi ya upimaji kwa miaka mingi, na naweza kusema kwamba hakuna kinachomvunja moyo mkulima kama kuoneshwa alama za mipaka ya shamba lake bila njia ya kulifikia. Upimaji wenyewe ulichelewa. Wapima ardhi walikuwa wachache, eneo lilikuwa kubwa, na baadhi ya sehemu zilipimwa huku walinzi wenye silaha wakiwa pembeni.

Huko Tauranga hali ilikuwa mbaya zaidi. Kikosi cha kwanza cha Waikato kilipewa ardhi ambayo Wamaori wa vilima vya nyuma walikataa ipimwe, na mzozo huo ukazaa mapigano ya msituni mwanzoni mwa 1867, katika sehemu za Irihanga na Whakamarama. Mtu aliyekuwa ameanza kufyeka shamba lake alirudi mjini kujificha, na wapo ambao hawakurudi tena shambani.

Ajira ya maana ilitoka mahali ambapo serikali haikupanga. Tarehe 1 Agosti 1867 eneo la Thames katika jimbo la Auckland lilifunguliwa kwa uchimbaji wa dhahabu, baada ya James Mackay kuafikiana na machifu wa Ngāti Maru. Siku chache baadaye likapatikana jiwe lenye dhahabu nyingi katika eneo moja la uchimbaji lililoitwa Shotover, na watu wakamiminika kwa maelfu. Kwa mtu aliyekuwa mchimbaji kabla ya kuwa mwanamgambo, na ambaye muda wake wa miaka mitatu ulikuwa umemalizika, hakukuwa na la kufikiria. Hati ilikuwa imetoka, aliweza kuiuza, na siku chache za safari zilimfikisha mahali penye ujira. Miji ya Waikato ikapoteza watu wengi kwa mkupuo.

Waliobaki walifanya kila lililowezekana. Wengine walijiunga na polisi wenye silaha, jeshi dogo la kudumu lililoundwa kwa sheria ya 1867. Wengine waliendesha mashua mtoni au walifungua maduka na vilabu vya pombe. Mwishoni mwa miaka ya 1860 kulikuwa na neema fupi ya harakeke, mmea wa nyuzi ambao ulikatwa kwenye vinamasi na kuchakatwa viwandani kwa ajili ya kamba, mpaka bei ilipoanguka.

---

Mjukuu wa Kariakoo amejibu:

Nimesoma kwa makini, na kila mchango umenifundisha jambo. Hata hivyo, naona tumekuwa tukisema "ardhi" kana kwamba ilikuwa imelala bila mwenyewe, na swali la usalama aliloliuliza ndugu Msomaji haliwezi kujibiwa bila kuwataja wenyewe.

Ardhi hiyo ilichukuliwa kwa sheria iliyopitishwa Desemba 1863, ambayo iliiruhusu serikali kunyang'anya ardhi ya makabila yaliyotajwa kuwa yameasi. Waikato ilipoteza takriban ekari milioni 1.2. Wamaori wa bonde hilo walikuwa tayari wakulima wa soko. Rangiaowhia palikuwa na mashamba ya ngano, miti ya matunda na vinu vya maji, na unga wao ulikuwa ukiuzwa Auckland kabla mwanamgambo yeyote hajakanyaga huko. Kijiji hicho kilishambuliwa Jumapili, tarehe 21 Februari 1864, na watu waliuawa na nyumba kuchomwa. Kwa maneno mengine, kilimo ambacho serikali ilitaka kukianzisha kwa kutumia wachimba dhahabu wa Ballarat, Australia, kilikuwepo, kikavunjwa, na wakulima wake wakafukuzwa.

Wakulima hao hawakutoweka. Walivuka mto Pūniu na kukaa upande wa pili, katika nchi ya Tāwhiao, mfalme wa Kimaori, na mto huo ukawa mpaka ambao mzungu aliuvuka kwa hatari yake mwenyewe. Mlowezi wa Kihikihi au Alexandra aliamka kila siku akijua kwamba ng'ambo wapo watu wanaotazama mashamba yao wenyewe yakilimwa na wengine. Hofu ilipanda mwaka 1869 Te Kooti, kiongozi wa Kimaori aliyekuwa akipigana na serikali, alipofika katika nchi ya Mfalme, na ikapanda tena mwaka 1873 Timothy Sullivan, mfanyakazi wa shamba mzungu, alipouawa karibu na Cambridge. Amani ya uhakika ilikuja Julai 1881, Tāwhiao alipokwenda Alexandra na kuweka bunduki chini mbele ya Meja William Mair, ofisa wa serikali. Hiyo ni miaka 17 baada ya wanamgambo kuwekwa pale. Benki gani ingekopesha juu ya shamba la mpakani katika miaka hiyo? Mnunuzi gani angetoa bei nzuri? Usalama uliotakiwa kuletwa na walowezi wenye silaha ulizuiwa na njia ile ile iliyotumika kuwapatia ardhi.

Tena tukitaja walionufaika, tuwataje kwa majina, kwani ni watu wa kumbukumbu za umma. Thomas Russell, wakili na mwanzilishi wa Benki ya Nyuzilandi, alikuwa waziri wa ulinzi wakati mpango huu ulipoandaliwa, na mshirika wake wa sheria Frederick Whitaker aliongoza serikali iliyopitisha sheria ya kunyang'anya ardhi. Miaka ya 1870 kundi la wafanyabiashara wa Auckland lililowahusisha lilichukua kinamasi cha Piako, chenye ekari zaidi ya 80,000. Mwanamgambo alipata ekari 50 na akashindwa kuzishikilia, Mmaori akapoteza zote, na mashamba makubwa yakaundwa kwa kukusanya vipande vilivyoachwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kisa chetu cha namna hiyo. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ya Kenya iligawa mashamba kwa wanajeshi wazungu waliotoka vitani, na sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa ya Wanandi. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya vita hiyo hawakupewa ekari hata moja. Sitaki kuligeuza jukwaa kuwa la mada nyingine, ila nataka ieleweke kwa nini baadhi yetu hatuwezi kusoma habari za ekari 50 bila kuuliza zilitoka kwa nani.

---

Mwalimu Mstaafu:

Ndugu Mjukuu, nakubaliana nawe, na naongeza kwamba nchi yenyewe imekubali. Mwaka 1995 serikali ya Nyuzilandi na kabila la Waikato-Tainui zilitia saini suluhu yenye thamani ya dola milioni 170 za nchi hiyo, pamoja na sehemu ya ardhi kurudishwa, na Malkia Elizabeth wa Pili akaidhinisha kwa saini yake sheria iliyobeba maneno ya kuomba radhi kwa vita na unyang'anyi huo.

Nimalizie upande wa ajira, kwa sababu ndugu Msomaji aliuliza ni nini kingewezekana. Mfano wa kulinganisha ulikuwepo katika jimbo lile lile. Kuanzia 1847 Uingereza ilipeleka Auckland wanajeshi wastaafu walioitwa Fencibles, wakawekwa Onehunga, Howick, Panmure na Ōtāhuhu. Kila mmoja alipewa nyumba ndogo na ekari moja tu, ikawa yake baada ya miaka saba. Tofauti zilikuwa kubwa. Walikuwa na pensheni ndogo iliyoingia bila kukosa. Walitakiwa kufanya mazoezi ya kijeshi siku 12 tu kwa mwaka pamoja na gwaride la Jumapili, na siku nyingine zote walikuwa huru kuuza nguvu zao. Na waliwekwa karibu na mji uliokuwa ukikua, wenye bandari, barabara za kujengwa na watu wa kununua mboga zao. Maisha yao hayakuwa mepesi, hasa miezi ya mwanzo ambapo wengine walilala kwenye mabanda na mahema, lakini vijiji vyao vilidumu na leo ni vitongoji vya Auckland.

Kinachonisikitisha ni kwamba somo hilo halikuwa mbali na waliopanga Waikato. Theodore Haultain alifika Nyuzilandi mwaka 1849 akiwa ofisa wa Fencibles, akaongoza kikosi cha pili cha Waikato kilichowekwa Alexandra na Kihikihi, kisha akawa waziri wa ulinzi kuanzia 1865 hadi 1869, katika miaka ile ile ambayo posho ilikatwa na watu wakaanza kuondoka. Aliziona hatua zote tatu kwa macho yake. Alichokosa ni fedha, na pia serikali iliyo tayari kukiri kwamba ekari 50 bila ujira wa miaka mitatu au minne ya mwanzo hazimlishi mtu.

---

Msomaji wa Mtwara:

Mwalimu, na ndugu zangu wote, asanteni sana. Nitaliandika upya somo langu nikianzia na masharti ya Agosti 1863 na kalenda ya posho, kisha nije kwenye soko la Auckland lililoporomoka, na wenye ardhi ya asili nitawaweka mwanzoni, kabla ya kumtaja mwanamgambo yeyote. Nilikuwa nimewaweka sura ya mwisho.

Nina ombi moja kwa Mpima Ardhi. Kama unazo ramani za zamani za upimaji wa Hamilton na Cambridge zinazoonesha umbali wa mashamba kutoka ngomeni, tafadhali zipandishe hapa, kwani nataka wanafunzi wapime wenyewe safari ya kila siku ya mlowezi wa kikosi cha tatu na cha nne.

---

Mpima Ardhi:

Nitazipandisha wiki hii. Angalia hasa ya Cambridge, ambako ngome ilikuwa na umbo la nyota na viwanja vya mji vimeizunguka. Mashamba yanaanza nje ya ukanda huo, na vinamasi vimechorwa kwa mistari ya mlalo. Wanafunzi wahesabu mashamba mangapi yameangukia ndani ya mistari hiyo.